Mkwaju wa Eliana

Tulipofika mti ulikuwa umeshakatwa. Moshi niliuona tangu tukiwa barabarani, mbele kidogo ya Mungaa, nikamwambia Chediel, "Omba Mungu iwe ni mtu anachoma shamba." Chediel akanijibu kwamba Januari hakuna anayechoma shamba, mvua zinanyesha. Nilikuwa najua. Nilitaka tu mtu anidanganye kwa dakika mbili tatu.

Mimi ni Stafu Sajenti Scholastika, wenzangu wananiita Skola. Kazi yangu ni kufika mahali mtu alipofia na kuandika kila ninachokiona kabla watu hawajakivuruga. Napiga picha, napima, nachora ramani, naokota vidogo vidogo na kuvitia kwenye bahasha. Wakiona nimevaa glovu watu hudhani mimi ni daktari, wananiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Chediel ni mpelelezi, yeye kazi yake ni kuhoji. Tumezunguka pamoja miaka sita, na kwa miaka yote hiyo sijamwona akipita penye mahindi ya kuchoma bila kusimamisha gari. Siku ile hakusimama.

Aliyekufa aliitwa Eliana. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mke wa Fabiano, mwenye mashine ya kukamua alizeti pale kijijini. Alikutwa asubuhi akining'inia kwenye mkwaju nyuma ya nyumba yake, na mumewe ndiye aliyemkuta, ndiye aliyepiga kelele za kuita majirani. Nilitumwa kujua kitu kimoja: alijinyonga, au alinyongwa na mtu kisha akatundikwa. Jibu hilo ndilo lingeamua watoto wake wawili wa kike, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miwili, wanabaki mikononi mwa nani.

Kabla sijaendelea niseme habari ya simu, maana nikichelewa nitajifanya nimesahau.

Mwenyekiti wa kitongoji alinipigia saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nilikuwa njia ya Manyoni kwenye ajali ya lori tangu alfajiri, nimesimama katikati ya vioo na viatu vya watu, sijanywa hata chai. Akasema, "Afande, mtu wetu bado yuko juu. Watoto wanamwona, na jua limeshatoka. Tumteremshe?" Nilikuwa nimeandika vifo vya kujinyonga vingi mno msimu ule, nikaiweka na hii kwenye fungu hilo hilo bila kuiangalia mara mbili. Nikamwambia, "Mteremsheni mumfunike. Fundo msilifungue, kateni kamba mbali na fundo. Nakuja." Akasema sawa.

Sikusema neno kuhusu mti. Na mimi ni Mnyiramba wa Kinampanda, nimezaliwa huku, nimekulia huku. Najua kabisa kwamba mtu akijitundika kwenye mti, mti ule hauachwi mpaka jioni. Unakatwa siku hiyo hiyo na kuchomwa pamoja na kamba, ili usimwite mwingine. Afisa aliyeletwa kutoka Dar es Salaam angesamehewa. Mimi nilijua, nikakata simu, nikarudi kwenye lori langu.

Basi tukafika saa nane mchana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Nilisimama pembeni ya gari nikaziangalia zile alama za fagio, zimepangana vizuri kutoka mlangoni mpaka njiani.

"Nani kafagia hapa?"

"Sisi," akajibu mama mmoja, tena kwa kujisifu kidogo. "Wageni wa msiba wanakuja, afande. Palikuwa na tope, nyayo tupu."

"Nyayo tupu," nikarudia. Chediel akaniangalia kwa jicho la kunisihi ninyamaze, nami nikampita.

Nyuma ya nyumba kisiki kilikuwa bado kinatoa maji. Mti haukuwa mkubwa sana, mtu mmoja angeukumbatia, na matawi yake yote yalikuwa yameungua kwenye moto uliokwisha kushuka. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo, mzee mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye. Nikamvaa bila salamu.

"Mzee, nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema tumteremshe. Tumemteremsha."

"Na fundo?"

"Tulikata mbali na fundo kama ulivyosema. Kisha kamba yote na fundo lake tumeichoma na mti."

"Na mti nani aliwaambia mkate?"

"Mti hukuusema, afande."

Alisema kweli, na ile kweli ndiyo iliyozidi kunichoma. Nikapandisha sauti, nikauliza nani aliyetoa amri ya kukata, nani huyo mjuaji, nikasema nitamweka ndani leo leo. Watu wakainamisha macho. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa chini karibu na moto akainuka polepole, akishika goti.

"Mimi," alisema. "Shoka ni langu, nimekuja nalo kutoka kwangu."

Alikuwa Klara, mama mzazi wa Eliana. Alikaa kitongoji cha pili, na aliposikia habari alikuja mbio peku. Kisha akarudi kwake kufuata shoka, akaja tena. Umri wake ni kama wa mama yangu. Mikono ilikuwa imejaa masizi mpaka kwenye viwiko.

"Kuna watoto wawili wa kike wanacheza chini ya mti huu kila siku, mwanangu. Ulitaka niuache unasubiri na wao?"

Hasira yote ikaniishia, nikabaki na aibu. "Shikamoo, mama," nikasema. "Pole sana kwa msiba." Nilipaswa kuanza na hilo.

Fabiano alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, macho mekundu, wanaume wawili wamemshika mabega. Nilimuuliza mwenyekiti kwa sauti ndogo mume alisema nini kuhusu mti. "Alisema mama mkwe ndiye mwenye uchungu, aamue yeye," akanijibu. "Kijana ana heshima sana. Mti ulikuwa umelowa mvua ya usiku, ukagoma kuwaka. Ndipo akaenda akatoa dizeli ya mashine yake, madumu mawili, bila hata kuombwa." Niliandika madumu mawili kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kumsaidia mama mkwe kuwasha moto.

Nieleze kwa nini nilitaka kulia kwa ajili ya tawi la mti. Mtu anayejitundika mwenyewe hufunga kamba, anajiachia, na kamba inabana pale pale ilipofungwa. Gome linabonyea tu. Lakini ukitaka kupandisha mtu aliyekwisha kufa, unarusha kamba juu ya tawi na kuvuta kutoka upande wa pili, kama unavyopandisha gunia. Kamba inateleza chini ya uzito, inakwangua gome, na zile nyuzi za gome zinalala kuelekea upande wa yule aliyevuta. Mtu anaweza kufuta nyayo zake, anaweza kulia mbele ya majirani, lakini kuziinua nyuzi zile na kuzirudisha hawezi. Miaka mitatu kabla ya hapo, huko kwetu Kinampanda, mwanamume mmoja alikutwa akining'inia jikoni kwake, na ndugu wote wakasema amejinyonga. Nilikata kipande cha boriti ya lile jiko, nikakifunga kwenye karatasi ya kaki na kuchora mshale mwekundu kuonyesha nyuzi zilikolalia. Kipande kile kilimfunga shemeji yake. Mimi nilikuwa najidai nacho ofisini, kila mgeni nilimwonyesha.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya majivu.

Nilifanya kazi hivyo hivyo, maana sijui kufanya vingine. Nilianza kwa mbali, pembe nne za uwanja. Nikasogea, nikapiga picha nyumba, njia, kisiki. Niliweka vibao vyangu vya namba juu ya vitu ambavyo havikuwa na maana tena: namba moja kisiki, namba mbili moto, namba tatu ndala za Eliana zilizokuwa zimepangwa vizuri kando ya mlango. Nikahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kisiki. Zilikuwa arobaini na tatu, zote kwenye udongo mweusi unaonata. Nilipofika hatua ya mwisho kila buti ilikuwa imebeba kilo nzima ya tope.

Nikaazima chekecheke kwa jirani, mimi na Chediel tukachekecha yale majivu yakiwa bado ya moto. Tulitafuta saa nzima. Hapa kwetu mti ukianguka tu, kabla hujageuka kuna mtu ameshabeba gogo la kwenda kupikia. Nilishika tumaini hilo, nikawauliza mmoja mmoja kama kuna aliyebeba hata kijiti. Wakaniangalia kama nimetukana. Mti wa mtu aliyejinyonga nani aupikie? Kila tawi lilikuwa limeingia motoni. Tuliokota mkaa na kipande cha kamba ya katani kilichoungua, na kile cha katani kikavunjika kwenye vidole vya Chediel kabla hajakifikisha kwenye bahasha.

"Basi, Skola," akaniambia. "Twende kwa marehemu."

Eliana alilazwa chumbani kwake juu ya mkeka. Alikuwa ameoshwa, amepakwa mafuta, amevikwa kitenge kipya, nywele zimechanwa. Walimtengeneza vizuri kweli. Shingoni alama ya kamba ilionekana, nikaipiga picha kutoka kila upande na rula pembeni. Nikaushika mkono wake ili nichukue uchafu wa chini ya kucha, kwa sababu mtu anayekabwa hukwaruza. Kucha zilikuwa fupi na safi kabisa.

"Nani alimkata kucha?"

"Mimi," akasema Klara nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, sikujua tangu saa ngapi. "Zilikuwa na uchafu mwekundu. Juzi alikuwa anakandika jiko lake, nikasema asiende na udongo mikononi."

"Ulizitupa wapi?"

"Motoni."

Nilifunga bahasha yangu ikiwa tupu. Nilikuwa nawaza kwamba nimewahi kuona wauaji waliojitahidi kufuta ushahidi wao, na hakuna hata mmoja aliyeufuta kwa makini kama huyu mama alivyomhudumia mtoto wake.

Nikamwomba tukae nje, kwenye kivuli cha ghala, nimuulize maswali ya fomu. Maswali yale yamepangwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na mimi huyauliza hata kama najua hayatazaa kitu. Alivaa nini? Gauni la kulalia, na khanga kiunoni. Nywele? Zilikuwa zimefungwa kitambaa. Alikuwa na mgogoro na mtu? Klara akatazama mlangoni alikokaa Fabiano, akashusha sauti. Mwezi wa kumi Eliana alirudi nyumbani na alama shingoni, akasema mume amemkaba. Klara akampikia uji, akakaa naye siku tatu, kisha akamrudisha mwenyewe, akamwombea msamaha kwa mumewe. "Nilimwambia avumilie, ana watoto," alisema. "Leo asubuhi nilipomwona pale juu nikasema basi, ameshindwa kuvumilia, na ni mimi niliyemrudisha. Niliona kwa macho yangu, ningebisha nini?"

"Miguu yake ilikuwaje, mama?"

"Miguu?"

"Ulipomwosha. Ilikuwa na michubuko? Damu?"

"Miguu ndiyo nilianza nayo," alisema. "Usoni sikuweza kumtazama. Winfrida, dada yake Fabiano, alikuwa ananimiminia maji. Nikapaka sabuni, nikasugua nyayo, na kati ya vidole. Haikuwa na damu. Haikuwa na kitu. Nilisugua tu, lakini hata yale maji kwenye beseni..."



Nilimwona anaangalia buti zangu, zile zenye kilo ya tope kila moja. Akaangalia miguu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo. Kisha akageuza shingo, akazitazama ndala za Eliana pale mlangoni, na kibao changu cha namba tatu.

"Maji yalibaki meupe," alisema.

Nilishafika alipofika yeye, na sikutaka kuwa wa kwanza kulisema.

"Mvua ilianza saa tatu usiku," akaendelea, polepole, kama anahesabu. "Mimi nilikuwa macho, paa langu linavuja. Alitoka na mvua, peku. Akapita hapa pote. Alipitaje, mwanangu?"

Nikamwambia sijui bado. Akasema maneno mengi kwa Kinyaturu, na mimi Kinyaturu nakishika nusu nusu, lakini nililisikia jina la Eliana na nikasikia neno la kubebwa. Kisha akaanza kupiga ardhi kwa viganja, si kilio cha msibani, ni kitu kingine. Wanawake wakaja wakamshika, wakidhani ni uchungu wa kawaida. Kule mlangoni Fabiano alikuwa amesimama, anatuangalia. Macho yake sasa yalikuwa makavu.

Tulimchukua Fabiano jioni ile ile, Chediel akamfungulia jalada. Kwa siku chache nilikuwa na matumaini, nikiri. Nilichapa ripoti ndefu, nikaeleza hatua arobaini na tatu, aina ya udongo, ndala, maji ya beseni. Nikaambatanisha picha za buti zangu mwenyewe. Chediel alinitania kwamba ni mara ya kwanza buti za polisi zinakuwa shahidi.

Kisha vitu vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Daktari alimpasua Eliana kesho yake, akaandika kwamba alikufa kwa kubanwa shingo na kamba. Nikamfuata, nikamuuliza kamba ilibanwa na nani. Akaniambia kwa upole kwamba shingo ile ilikuwa na alama mbili, moja imepanda kama ya mtu aliyening'inia na nyingine imelala kama ya mtu aliyekabwa, lakini ile iliyolala ni hafifu, na mwili ulikaa juu kwa saa nyingi, kamba ingeweza kusogea. "Nipe kitu kingine cha kusimama nacho," alisema. Sikuwa nacho.

Winfrida alihojiwa mara tatu. Mara zote alisema hakuangalia maji, alikuwa analia. Nilimwonea hasira, halafu nikajiuliza mimi ningesema nini kama ni kaka yangu. Wakili wa serikali alilisoma jalada lote, nampa haki yake, akaniita akanionyesha kwa kalamu. Mvua ilinyesha mpaka saa kumi alfajiri. Mwili ulikuwa nje. Wakili yeyote wa utetezi angesema mvua ndiyo iliyoosha miguu, na nani angembishia? Hakuna picha ya miguu kabla haijaoshwa. Hakuna kucha. Hakuna fundo, hakuna kamba. "Mngekuwa na lile tawi tu," alisema, "ningempeleka." Nikamwambia nimesikia, nikatoka.

Fabiano akarudi nyumbani, wakampokea kwa nderemo. Jalada likaandikwa kujinyonga. Padri hakwenda kuzika. Ndugu walimfukia Eliana wenyewe, bila kwaya, pembezoni mwa shamba. Klara akaenda kwa wazee wa ukoo wa Fabiano kuomba apewe wajukuu, wakamwambia watoto ni wa baba yao, na kwamba mtu anayemsingizia mkwe wake uuaji ili apate wasichana wa kumchotea maji ana roho mbaya. Haya nilisimuliwa na mwenyekiti, ambaye alikuwa bado ananipigia simu mara moja moja, nadhani kwa sababu naye alikuwa halali vizuri.

Mwezi wa saba, alizeti zikiwa zimeshavunwa, nilifika ofisini asubuhi nikamkuta Klara kwenye benchi la nje. Alikuwa amepanda basi la kwanza. Amepungua, mifupa ya mabega imetokeza, lakini amevaa vizuri, khanga mbili safi na viatu. Nikampa shikamoo, nikamkaribisha ndani, nikamwagizia chai. Chai hakuigusa.

Aliniambia habari za nyumbani. Fabiano ameoa mwezi wa tano. Mke mpya ni mtoto tu, kapewa na wazazi wake kwa furaha kwa sababu ya mashine. Kile kisiki ameking'oa, akalima pale na kupanda alizeti, na zilistawi kuliko za mahali pengine pote kwa sababu ya yale majivu. Amemkataza Klara kukanyaga kwake. Mtoto mdogo ameshaanza kumwita yule mke mama.

"Nimekuja na swali moja, mwanangu," alisema. "Nikikuuliza usinihurumie."

"Uliza, mama."

"Mti ungekuwepo, ungejua?"

Mimi nimeapa mahakamani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sijawahi kuongeza wala kupunguza hata sentimita moja, na watu wanaojua kazi yangu wananiamini kwa hilo. Nikamtazama usoni, nikasema, "Hapana, mama. Mti ni mti tu. Usingenisaidia kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikaona mabega yake yameshuka, nikafurahi, nikajisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza kazi hii imenifanya nimtulize mtu badala ya kumvuruga. Nikamsogezea kikombe.

"Sasa kile pale juu ni nini?"

Sikuwa na haja ya kugeuka. Juu ya kabati nyuma yangu kilikuwepo kile kipande cha boriti ya Kinampanda. Kesi ilikuwa imekwisha, kimerudi kutoka mahakamani, kinasubiri amri ya kuteketezwa, na mimi kwa majivuno yangu nilikiacha pale juu ili wageni wakione. Karatasi ya kaki ilikuwa imefunguliwa upande mmoja. Mshale wangu mwekundu ulionekana vizuri, na lebo niliandika kwa herufi kubwa: KAMBA ILIVUTWA HUKU. Klara amesoma mpaka la saba. Alikuwa ameketi akiitazama tangu alipoingia.

"Ni boriti," nikasema.

"Ya mtu aliyetundikwa?"

"Ndiyo."

"Na aliyemtundika amefungwa?"

Nilitaka kusema uongo mwingine, nikautafuta, sikuupata. "Amefungwa, mama."

Akainuka, akashika goti kama siku ile, akaenda mpaka kwenye kabati. Hakuigusa. Alisimama akiuangalia ule mshale kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande mmoja ili aone nyuzi zilivyolala.

"Kwao hakukuwa na mama mwenye shoka," alisema.

Hapo ndipo nikashindwa. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba mwenyekiti alinipigia mimi, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba mila ile naijua kama yeye anavyoijua, kwamba maneno mawili tu yangetosha, acheni mti, na sikuyasema. Nikamwambia kosa ni langu, aliweke kwangu, alitoe kwake. Nilikuwa nalia mbele ya raia nikiwa na sare, na sikujali nani anapita dirishani.

Klara alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwenye simu ulisema nini?"

"Nilisema wamteremshe, wamfunike."

"Basi ulisema vizuri. Nisingeweza kumwona yuko pale juu mpaka saa nane." Akajifunga khanga upya, akaikaza. "Na mimi ningekata tu, hata ungesema. Nisingekusikiliza. Nilikuwa nawaokoa wale watoto."

Hakukuwa na chuki kwenye sauti yake. Afadhali ingekuwepo. Nilikaa pale nikisubiri anitukane, na yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?" aliuliza. "Nataka niwahi. Yule mkubwa ameanza shule ya awali, wakitoka wanapita njia ya kisimani. Nikisimama kwenye uzio wangu namwona. Amekatazwa kunisalimia, lakini akipita ananiangalia."

Nilimwambia basi limeshaondoka. Nikafuta uso, nikachukua funguo za gari.